Harage Jekundu la Kidato cha Tatu

Jumapili, 7 Januari

Bahati na mimi tumezaliwa tumbo moja. Hata nijifiche uvunguni, itanitafuta mpaka inipate. Lori liliwahi kunilalia ubavu nikatoka dirishani na kikombe mkononi, chai haikumwagika. (Ilimwagika kidogo.) Na jana tena! Mtaa mzima umejipanga mbele ya nyumba ya mwenyekiti, kila nyumba mtu mmoja. Kofia yake imejaa maharage meupe, mekundu machache yamejificha humo ndani. Watu wanaingiza mkono kama wanaingiza kwenye shimo la nyoka. Mimi nikaingiza napiga mluzi. Nikatoa jekundu!

Basi kuanzia kesho mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Mimi! Mtu niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha.

Habari yenyewe ni hii. Sekondari yetu ya wananchi tuliijenga wenyewe, na ukiitazama ilivyoegama utaamini. Kidato cha Tatu watoto wamepungua. Mkaguzi anakuja mwezi huu kuhesabu vichwa, akikuta viti vitupu kidato kinafungwa, watoto wanapelekwa shule ya ng'ambo ya mto. Ndipo kamati — watu walewale waliojenga choo cha walimu wakasahau mlango — wakapata akili yao ya mwaka. Viti vijazwe na watu wazima! Mwenye harage jekundu avae sare, akae darasani, awe kichwa.

Mwenyekiti aliogopa watu watatoroka. Akapanda juu ya tofali, akapaza sauti mpaka ng'ambo wakasikia: "Mwenye harage jekundu, kiti ni chake mwaka mzima, asitokee mtu wa kumtoa!" Watu wakaguna kama waliohukumiwa.

Mimi nilicheka. Nimevuka mipaka mingi kuliko Mwalimu Mkuu alivyovuka barabara, sasa nikakae naye nijifunze nini? Lakini wanahitaji mtu mwenye sura ya akili. Nitawasaidia, moyo ninao.

Jirani yangu muuza nyama alitoa jeupe. Alinuna mpaka nikamhurumia. Ndiyo hivyo, si kila mkono ni mkono.

Redio nimeipeleka kwa fundi, ina kikohozi. Nyumba imepoa. Ndiyo maana naandika huku nyuma ya daftari la hesabu, ambako hesabu hazitafika kamwe.

Jumatatu, 8 Januari

Sare! Mshonaji naye kaangukiwa na jekundu, akatushonea watu wazima wote kwa kipimo kimoja — chake. Naye ni mwembamba kama uzi anaotumia. Suruali yangu imeshuka mpaka nusu ya muundi, ikagoma hapo. Nikiinama nasikia mishono inasali.

Mwalimu Mkuu kahutubia mstarini. Ana tumbo la mbele na sauti ya nyuma, maneno yanamfikia mtu yakiwa yamechoka. Nidhamu. Bidii. Nidhamu tena. Mwaka mpya, mambo mapya — na yeye na koti la mwaka juzi! Akamaliza kwa kutuonyesha sisi watu wazima: "Hawa muwaone kama wenzenu." Sauti moja ya kitoto nyuma: "Wenzetu au wenzao babu zetu?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilidhani wanamsema Bibi Mkunga.

Huyo bibi ni mkunga mstaafu, nusu ya darasa kawapokea yeye wakizaliwa. Kapewa dawati karibu yangu. Kavalishwa sketi ya shule juu ya gauni lake na kofia ya sufu juu. Anawatazama watoto mmoja mmoja na kutikisa kichwa. "Nilidhani hawa watakuja kuwa watu," ameniambia.

Darasa lenyewe sasa. Dirisha moja lina kioo, mengine yana kadibodi. Ubao umepasuka katikati, mwalimu akiandika neno refu inabidi aliruke korongo. Nilikuwepo siku ubao unashushwa kwenye mkokoteni. Mwenyekiti ndiye aliyeuachia, akasema ulikuja hivyohivyo.

Dawati la mbele kabisa kakaa Chiriku, mtoto wa dada yangu. Tumemwita Chiriku tangu anajifunza kusema, maana nyumbani hanyamazi, hata akila anasimulia. Nikamwita kwa upendo, darasa zima lisikie: "Chiriku! Mjomba nipo hapa nyuma, usiogope!"

Akageukia ubao kana kwamba ubao ndio umemwita. Mpaka kengele ya kwenda nyumbani hakunitazama.

Sijali. Shule gani inafundisha watoto kutosalimia wajomba zao.

Jumanne, 9 Januari

Hesabu. Mwalimu wa hesabu ni kijana, tai imemkaba mpaka macho yamemtoka. Kaandika ubaoni: lori limetoka mji wa kwanza kwa mwendo uleule bila kubadilika, litafika mji wa pili saa ngapi.

Mungu wangu. Lori! Walinigusa pabaya.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, lori hilo limebeba nini? Akasema haijalishi. Haijalishi! Mizani je, halipimwi? Halipimwi. Pancha? Halipati. Dereva anakula wapi?

"Mzee, hili ni lori la hesabu."

"Sawa, Mwalimu. Dereva wake ni malaika?"

Watoto waligaragara. Mmoja kaanguka na benchi. Mwalimu akaniambia nikasimame nyuma, nikasimama kwa heshima zote kama bendera. Huko nyuma nikapiga ile hesabu kwenye karatasi, nikaweka mizani, nikaweka pancha moja na chai. Jibu langu lilikosea kwa siku nzima. Mwalimu akasema ningeyaacha maneno yangu nyumbani ningelipata. Inawezekana. Lakini lori lake halitafika popote.

Wameshanipa jina: Gia.

Jumatano, 10 Januari

Bibi Mkunga kalala kipindi chote cha historia. Alipoamshwa kasema, "Bado haijafunguka, arudi kesho."

Hakuna jingine la maana. Watu wanasoma miaka kumi na kitu kwa haya?

Alhamisi, 11 Januari

Dada kaja jioni, hakukaa hata kwenye kiti. Hiyo ni dalili mbaya.

"Kaka, mwanangu analia."

Nikamuuliza nani kampiga, nikamshughulikie. Akasema aliyempiga ni mimi, kwa domo. Chiriku wanamwita Mpwa wa Gia. Kila akijibu swali, nyuma wanaunguruma kama injini. Leo hakutaka kula.

Nikamwambia dada, watoto wanacheka kwa sababu wanafurahi, mimi nimelitia uhai lile kaburi. Akaniambia, "Kaka, wewe unakwenda pale kwa sababu ya harage. Siku chache uondoke. Yeye anabaki." Halafu macho yake yakaenda kwenye rafu. "Na redio iko wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Wa mjini, humjui."

Dada yangu ana jicho. Kanitazama kama anavyoitazama sufuria iliyorudishwa na jirani. Akaondoka.

Basi, kesho nitanyamaza. Si kwamba nimekosea. Koo tu linahitaji kupumzika.

Ijumaa, 12 Januari

Nimenyamaza! Hawakuamini. Mwalimu wa hesabu kaniuliza kama naumwa.

Halafu jiografia. Mwalimu wake ni mwanamke mdogo, chaki imemjaa kwenye nywele, sauti hana, na darasa linampanda kichwani kama ngazi. Kabandika karatasi ubaoni, imejaa mistari iliyojikunjakunja kama utumbo. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye katuletea michoro ya mtoto wake.

Akasema kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja. Unaweza kuufuata mstari huo siku nzima usipande wala usishuke. Mistari ikiachana, nchi ni tambarare. Ikisongamana, mlima ni mkali.

Nikaitazama tena ile karatasi, na jina la mlima lililoandikwa pembeni.

Kuna mlima mmoja niliupanda maisha yangu yote ya lori. Gia ya kwanza, injini inalia, utingo anatembea pembeni na kabari mkononi ili tukirudi nyuma aitupe chini ya tairi. Kona yake ya tatu nimezika rafiki. Niliujua kwa makalio yangu, kwa harufu ya breki zikiungua. Kumbe kuna mtu alikaa mahali na kalamu akauweka kwenye karatasi! Kona ya tatu ipo. Mistari imebanana hapo mpaka imekuwa weusi mtupu.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio. Mwalimu akaniuliza, "Mzee, huendi nyumbani?" Nikamwambia suruali imenasa kwenye msumari.

Si kitu kikubwa. Mistari tu. Bado nasema shule hii ni banda la kuku lenye kengele.

Jumapili, 14 Januari

Leo nimefungua kibanda changu cha pancha. Kazi moja tu: baiskeli ya mhubiri. Nilipokuwa nangoja gundi ikauke nikachukua majivu ya jikoni nikachora chini kilima cha mtaa wetu. Hapa shule, hapa kwa mwenyekiti, hapa bomba. Mistari ikabanana pale kwenye mteremko ambao wachuuzi wa maji hushuka na kutukana. Nikasimama juu yake kama ndege. Mhubiri alisubiri, akasubiri, mwishowe kajijazia upepo mwenyewe akaniachia baraka badala ya malipo.

Chiriku kapita anakwenda dukani. Kasimama. Kaukwepa ule mchoro, hakuukanyaga, kazunguka kando kabisa. Akaenda.

Kwa muuza nyama redio inapiga kelele kutwa. Inafanana na yangu, hata mpira wa kufungia betri ni mwekundu vilevile. Viwanda siku hizi vinatengeneza vitu kwa kopi.

Jumatano, 17 Januari

Mkaguzi ni kesho! Shule imeingiwa na wazimu. Wamepaka chokaa mawe. Mawe! Mwalimu Mkuu kazunguka na fagio akimfuata mtu anayefagia.

Baadaye katukusanya watu wazima nyuma ya stoo. Maagizo: mkaguzi akipita, vitabu wazi, macho chini. "Na akiwauliza swali, kohoeni. Atawaonea huruma atapita." Mshonaji akauliza, tukohoe kwa muda gani? "Mpaka apite."

Halafu akanivuta pembeni. "Wewe, Mzee, hata kukohoa usikohoe. Usifungue mdomo kwa lolote. Nakuomba kama ndugu."

Nimewahi kuongea na askari wa mipaka wenye bunduki, nikapita na chumvi nikiiita saruji. Leo napigwa marufuku kukohoa.

Alhamisi, 18 Januari

Nianzie wapi.

Mkaguzi ni mrefu, mkavu, suti ya kahawia, viatu vina vumbi — kaja kwa miguu kutoka barabarani, hakungojea kupokewa. Mwalimu Mkuu alikuwa bado anafunga vifungo. Wakaingia darasani kwetu katikati ya kipindi cha jiografia. Tukasimama. Mishono ya suruali yangu ikaachia kidogo, nikaishika kwa nyuma.

Kapita kati ya madawati anahesabu kwa macho. Kamfikia Bibi Mkunga. "Na wewe, mama, unapenda somo gani?"

Bibi kakohoa.

Kamgeukia mshonaji. Mshonaji kakohoa. Akaenda kwa mlinzi wa soko, ambaye alikuwa ameanza kukohoa tangu mkaguzi yuko mbali. Darasa zima la watu wazima kho, kho, kho! Mkaguzi kamtazama Mwalimu Mkuu: "Hapa mna shule au wodi ya kifua?"

Mwalimu Mkuu naye kakohoa. Wallahi.

Mkaguzi akaenda ubaoni, akaweka kidole kwenye ile karatasi, mahali penye weusi. "Mistari ikisongamana hivi, ina maana gani?" Akawatazama watoto. Watoto wamekauka. Mtoto wa mwenyekiti anatazama dari. Mwalimu wetu mdogo kashika chaki mpaka imevunjika. Wiki nzima kafundisha hayo, na hakuna mkono!

Basi mimi nikasimama. Miguu ndiyo iliyosimama, mimi nilifuata.

"Breki!" nikasema.

"Breki?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hapo unashusha gia, unamkumbuka Mungu, na utingo anashuka na kabari."

Kicheko kikalipuka. Mwalimu Mkuu kafumba macho kama mtu anayengoja sindano. Mkaguzi hakucheka hata jino moja. "Nimeuliza maana, Mzee. Sikuuliza safari."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Mimi! Neno nilikuwa nalijua, lilikuwa hapa kwenye ulimi, likateleza likaenda zake. Nimesimama kama nguzo, mkono umeshika suruali nyuma, watoto wanaunguruma injini chini kwa chini.

Na mbele kabisa mtu akageuka. Uso umemkunjamana, machozi karibu.

"Mjomba, sema mteremko mkali! Sema basi!"

Injini zikazima. Unasikia kadibodi za dirisha zinavyopigwa na upepo.

"Mteremko mkali, mheshimiwa," nikasema. "Breki ni baadaye."

Mkaguzi akauliza polepole, huyu ni mjomba wa nani? Nikajua tumekwisha. Mwalimu Mkuu akaanza: huyu, mheshimiwa, huyu ni… Chiriku kasimama, kanyoosha shingo. "Wangu."

"Anasoma hapa kweli, au amewekwa?"

"Anasoma. Amechora kilima chetu chote kwa majivu mbele ya kibanda chake. Hata bomba ameliweka."

Mkaguzi kanitazama, kamtazama Chiriku. Halafu akahesabu. Kila mtu, na vikohozi vyetu. Akamwambia Mwalimu Mkuu: kanuni inataka waliokaa, haiulizi walizaliwa lini. Kidato kitabaki. Akatoka, akarudi alikotoka kwa miguu.

Mwalimu Mkuu kanikamata koridoni. "Ungenifungia shule kwa breki zako!" Mate yalinifika. Sikuyafuta. Nilikuwa nashika suruali.

Chiriku kanisubiri getini. Tumetembea mpaka nyumbani, anaongea yeye tu, njia nzima, hata kikongwe mmoja akatupisha. Sikukatiza hata neno moja. Sijui lini nimewahi kufanya hivyo.

Ijumaa, 19 Januari

Tumefukuzwa kwa shukrani.

Mwalimu Mkuu katuambia tumekiokoa kidato, Mungu atulipe, sasa turudi kwenye kazi zetu. Mkaguzi haji tena mpaka mwaka kesho. Mwenyekiti naye kaja kujionyesha: kama asante, wenye maharage mekundu hawatachimba msingi wa maabara mwaka mzima. Wengine wote koleo na sururu kuanzia Jumatatu.

Walishangilia! Mshonaji kavua sweta papo hapo. Bibi Mkunga kasema hajawahi kuona uchungu mfupi namna hii. Mimi pia nilishangilia. Afadhali. Benchi lile lilikuwa linanila mgongo. Nimerudi kwenye uhuru wangu, kwenye pancha zangu.

Nimeikunja sare. Nimeikunjua. Nimeirudishia mishono iliyoachia. Nimeikunja.

Mwalimu wa jiografia alisema wiki ijayo ni mito. Mito yenyewe nimevuka yote, mingine bila daraja. Wataniambia nini kuhusu mito.

Jumatatu, 22 Januari

Naandika nikiwa darasani. Mwandiko umeharibika, dawati hili linacheza.

Nimekuja asubuhi na sare, nikakaa pale pale. Watoto wakaunguruma, lakini kwa salamu. Mwalimu wa jiografia kaniona, hakushangaa. Kasema tu, "Leo ni mito, Mzee, umewahi." Chiriku kahama dawati la mbele akaja kukaa na mimi, eti kule mbele kuna jua. Ramani iko moja kwa watu wawili. Kidole chake kwenye chanzo cha mto, changu kwenye mdomo wake.

Halafu Mwalimu Mkuu mlangoni.

"Mzee, kuna kitu umesahau?"

"Hapana, Mwalimu Mkuu. Nimekuja shule."

"Shughuli ilikwisha Ijumaa."

Nikatoa harage mfukoni, nikaliweka juu ya dawati. Nimelitunza. Nikamwambia maneno ya mwenyekiti juu ya tofali, neno kwa neno: mwenye harage jekundu, kiti ni chake mwaka mzima, asitokee mtu wa kumtoa.

"Ile ilikuwa ya kuwatisha watu."

"Mimi sikutishika. Liliniangukia mimi. Kiti changu."

Chiriku kasimama, akasema ni kweli, yeye alimsikia mwenyekiti toka nyumbani kwao. Watoto wengine nao: ni kweli, ni kweli! Mwalimu Mkuu kajikuna shingo. Kasema hataki ugomvi na mtaa. Kama harage ni langu, ni langu, nikae, ila nikifungua mdomo bila kuulizwa atanipa fagio. Nikasema sawa. Mimi, sawa! Chiriku akanikanyaga mguu kwa furaha.

Mwalimu akarudi kwenye mto. Kaandika "chanzo", karuka ufa wa ubao.

Ndipo nikasikia redio nje.

Muuza nyama. Aproni yake na damu yake, redio kwapani inaimba kwa sauti ya juu, kaja mpaka dirisha lenye kioo. Kanipungia kama tuko sokoni. "Jirani! Asante kwa kunikalia! Redio yako hii hapa, haina hata mkwaruzo. Nirudishie harage langu, wananiita kwenye msingi na sururu!"

Mwalimu Mkuu hajafika mbali. Karudi. "Harage lako?"

"Langu, ndiyo. Muulize."

Sasa kamtuma kiranja akamwite mwenyekiti. Kaniuliza mbele ya darasa zima, lilimwangukia nani. Nimemwambia asubiri kidogo, kuna kitu naandika. Anadhani ni notisi za mto. Muuza nyama kaegemea dirisha, anatafuna kijiti. Redio inaimba, mpira mwekundu uleule. Chiriku hakai. Bado kasimama kwa ajili yangu, kashika pembe ya ramani, ananing'ang'ania kwa macho. "Mjomba, waambie. Waambie basi."

Naandika hapa kwanza, nione yanavyokaa kabla sijayatoa mdomoni.

Sina bahati. Sijawahi kuwa nayo. Muuza nyama ndiye aliyetoa jekundu, akalitupa chini akalitemea mate. Niliokota mimi, nikalifuta kwa shati, nikamfuata mpaka buchani nikamwomba tubadilishane kimyakimya. Kwa bure akakataa. Nikamletea redio.

Nilikitaka kiti hiki. Kura haikunipa.

Nilitoa jeupe.